Mwongozo Uliosomwa na Mtu Mmoja

"Mama, usibonyeze kitu kwanza. Niambie unaona nini."

"Naona picha yangu, na vile vimistari vitatu pale juu."

"Safi kabisa. Taratibu tu, hatukimbizwi na mtu."

Ndivyo alivyoongea na kila mteja, binti huyu wa huduma kwa wateja wa tovuti ya kutafuta wachumba. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza kwa simu waliopotea kwenye kurasa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumamosi alikuwa anaolewa na Mpole, kijana ambaye mtaa mzima uliapa kwamba hawezi kuua hata sisimizi.

Aliyepiga simu alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye maneno mengi. Alitaka kufunga akaunti yake.

"Nimeshapata wangu, mwanangu. Wengine waendelee kuhangaika!"

"Hongera sana, mama."

"Tena kanielekeza mwenyewe kwa meseji, ila nazunguka tu kama kuku anayetaka kutaga."

"Hebu nisomee."

"'Fungua mipangilio, shuka mpaka chini kabisa, kona ya kushoto utaona kitufe chekundu.' Nimekitafuta mpaka macho yananiuma!"

Binti akatazama skrini yake. Kitufe kilikuwa kulia. Aliyeandika kushoto alikuwa yeye, Jumapili, alipokuwa akitunga mwongozo wa kurasa mpya zilizofunguliwa Jumatano hii asubuhi. Kosa alilisahihisha Jumatatu, kabla hajaupeleka kwa bosi. Alikuwa na mazoea ya kumpa rasimu mtu asiyejua kitu. Akipotea, yeye anajua pa kurekebisha. Rasimu ile aliisoma mtu mmoja tu, kwenye kochi la binti, akila chakula alichopika binti. Hata aliipiga picha kwa simu. "Nitaisoma vizuri nyumbani, mpenzi," alisema Mpole.

"Mama, huyo mchumba yukoje?"

"Ngoja nikutumie picha uone nilivyobarikiwa!"

Picha ikaingia. Mpole huyo, meno yote nje, kwenye kochi lile lile, na shati ambalo binti alimnyooshea kwa mikono yake.

"Jumamosi ana shughuli ya kifamilia," mama akaendelea. "Jumapili anakuja kujitambulisha kwa kaka yangu."

"Mama, samahani. Hiyo shughuli ya Jumamosi ni harusi. Bibi harusi ni mimi."

Cherehani iliyokuwa ikisikika kwa mbali ikanyamaza.

"Mpigie," mama akasema polepole. "Na mimi nisikie."

Binti akampigia Mpole, akaziunganisha simu.

"Mke wangu mtarajiwa! Umekula?"

"Bado. Nisaidie kitu. Kile kitufe cha kufunga akaunti kiko kona gani?"

"Si kushoto? Umeandika mwenyewe halafu unaniuliza mimi!"

"Kushoto hakuna kitu, baba," mama akadakia.

"Nani huyo?"

"Wa Jumapili."

Mpole akaja na uongo wa kitoto kabisa.

"Mpenzi, nilikuwa naijaribu tovuti yenu! Nilitaka kukusaidia kazi!"

"Unanitia kinyaa," binti akasema. "Umekula kwangu, umevaa nguo niliyonyoosha, ukachukua maneno yangu kwenda kumlaghai mama wa watu. Hata uongo umeshindwa kuutunga kwa akili yako mwenyewe!"

"Kadi zimeshagawiwa. Watu watasema nini?"

"Waeleze wewe. Anza na mama yako mzazi."

Akamkatia simu, akakimbilia chooni. Alitapika, kisha akapaka kidole sabuni mpaka pete ikatoka. Aliifunga kwenye karatasi, aikabidhi kesho yake kwa dada yake Mpole, maana hakutaka kuugusa tena hata mkono wa Mpole.

Aliporudi mezani, laini ilikuwa bado wazi.

"Umelia, mwanangu?"

"Nimetapika."

"Afadhali. Machozi yangempa heshima asiyostahili."

Binti akajikuta anacheka.

"Sasa mama, tufunge akaunti yako? Kitufe kiko kulia."

"Ya kwangu ya nini? Nionyeshe pa kumshtaki mshenzi huyu."

"Bonyeza picha yake. Shuka kidogo. Umeona palipoandikwa 'toa malalamiko'?"

"Nimepaona. Niandike nini?"

"Ukweli wote, mama. Usibakize hata kidogo."

Mama aliandika kwa dakika ishirini, na binti hakumharakisha. Malalamiko yalipofika kwenye meza ya huduma kwa wateja, aliyasoma neno kwa neno, akafuta akaunti ya Mpole, kisha akapokea simu iliyofuata.