Mashine Isiyosubiri "Ila"

Kipimakweli kilimsalimia kila mtu kwa lugha ya kwao. Mtu alikaa kwenye kiti cheupe, akaweka kiganja juu ya bamba la kioo, na sauti laini ikatoka ukutani kumjulia hali. Bamba lile lilisoma mapigo ya moyo, joto la damu na jasho lisiloonekana kwa macho. Maneno na mwili vikikubaliana, taa iliwaka kijani, visipokubaliana, nyekundu. Katika jiji la Vestra, lililojengwa chini ya kuba la kioo huko kaskazini ya mbali, mgeni hakuwa na njia nyingine ya kupata cheti cha utambulisho wa kidijitali. Bila cheti hicho hakutibiwa, hakupanga nyumba kwa jina lake, wala hakuweza kumwalika ndugu.

Somoe Nangwanda alikuwa ameshaiona taa nyekundu mara mbili.

Alikuwa mhandisi, mzaliwa wa Mingoyo huko Lindi, na kazi yake ilikuwa kuongoza roboti zilizotambaa ndani ya mabomba ya maji moto ya jiji. Aliziongoza kutoka chumbani mwake. Chakula kililetwa na roboti, taka zilichukuliwa na roboti, na mlango wa jirani hakuwahi kuuona ukifunguka. Alichokitaka ni kimoja tu: mama yake aje aishi naye. Mama alishakubali. Lakini uwanja wa ndege wa jiji ulikuwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi, na sheria ilimpa mwombaji nafasi tatu. Akiikosa ya tatu angengoja mwaka mwingine, na umri wa mama haukuwa wa kuchezea mwaka.

"Kwani nakosea wapi?" alimuuliza Halvor, ofisa pekee mwenye damu katika jengo lile. Vitafsiri walivyovaa masikioni viligeuza maneno yao. Kazi kubwa ya Halvor siku hizi ilikuwa kupangusa mabamba.

"Swali la kwanza," Halvor alisema, akitazama kioo chake. "Unadanganya."

"La jina?"

"Kabla ya jina. Kinakuuliza hali yako, unajibu huna shida. Moyo wako unasema unazo nyingi."

Somoe alicheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza. "Lile si swali, bwana! Ile ni salamu. Kwetu hata aliyelazwa hospitali hujibu hajambo. Hata mfiwa. Unamuuliza habari, anakwambia nzuri, ila tumefiwa."

"Sasa mtu atajuaje kama mwenzake ana shida?"

"Anasubiri. Ukishajibu nzuri, mwenzako hanyanyuki. Anakaa nawe mpaka useme ila."

Halvor aliduwaa na kitambaa chake mkononi. "Salamu tuliiongeza sisi, ili mjisikie nyumbani," alisema, na alionekana kuumia kwelikweli. "Lakini Kipimakweli hakisubiri. Kikishapata jibu, kinahukumu."

Basi Somoe akakaa kitini kwa mara ya tatu.

"Hujambo, Somoe?"

Ulimi ulitaka kukimbilia kule ulikozoea, akauzuia. Aliona haya, kana kwamba anavua nguo mbele za watu. "Sina hali njema," alisema. "Tangu nije huku hakuna aliyenishika mkono. Nazisemesha roboti za mabomba, nazipa na majina. Nimechoka kuwa peke yangu."

Taa ikawaka kijani. Somoe akangoja japo pole.

"Asante," ilisema sauti. "Swali la pili. Taja jina lako kamili."

Alilitaja huku machozi yakimtiririka. Alipotoka, cheti kilikuwa chini ya ngozi ya mkono wake, kidogo kama punje ya ulezi, na ombi la kumleta mama lilikuwa limeshatumwa.

Hakungoja kufika mbali. Alipiga simusura, ile simu inayomleta mtu mzima ukutani, na mama yake akatokea amekaa kibarazani anamenya mbaazi pamoja na jirani yake, Bi Tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Cheti nimekipata!"

"Alhamdulillahi!"

Somoe akamweleza kwamba na yeye ataitwa Lindi mjini kukaa mbele ya mashine kama ile. "Itakuuliza hali. Usiseme hujambo kama una jambo. Sema la moyoni, la sivyo itakukataa."

"Mtu kanisalimia, nimmwagie matatizo? Adabu gani hiyo?" Mama alicheka, na Bi Tatu akacheka zaidi.

"Ndivyo walivyo. Hebu tujaribu. Unataka kuja kuishi na mimi huku?"

"Nataka, mwanangu."

Swali jingine lilikuwa tayari mdomoni, lakini Somoe akakumbuka maneno yake mwenyewe kwa Halvor. Akanyamaza. Miaka yote aliyopiga simu hakuwahi kusubiri. Daima palikuwa na roboti iliyokwama mahali. Mama akaendelea kumenya. Bi Tatu aliacha kucheka, akajifanya anaangalia barabarani.

"Ila," mama alisema hatimaye.

"Ila nini, mama?"

"Ila kuondoka hapa sitaki. Baba yako kalala hapa. Nikikohoa usiku, asubuhi mtaa mzima unakuja kuniuliza. Huko nikikohoa atanisikia nani? Nilikubali kwa ajili yako. Kila ukipiga unasema hujambo, nami nakaa naingoja ila yako, nawe unakata simu."

Somoe aliusogelea ukuta, karibu na uso wa mama.

"Basi si urudi wewe?" mama aliuliza.

"Mkataba bado, mama. Nikiuvunja, sitapata kazi tena popote."

"Basi nitakuja hivyohivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Kesho yake Somoe alirudi kwenye kiti cheupe kulifuta ombi la kumleta mama.

"Sababu ya kufuta?" sauti iliuliza.

"Simhitaji tena."

Nyekundu. "Jibu halikubaliki. Rudia."

Alivuta pumzi. "Namhitaji," alisema. "Namhitaji sana mama yangu."

Taa ikawaka kijani kabla hajafunga mdomo. "Asante. Ombi linaendelea. Anayefuata."

Hapakuwa na anayefuata. Somoe alibaki kitini, kiganja kikiwa juu ya kioo kilichokwisha kuzimika. Halvor alikuwa amesikia yote. Akaweka kitambaa chini, akavuta kiti, akaketi mbele yake asiseme neno. Somoe alimtazama kwa muda mrefu mpaka akaelewa anachokifanya.

"Ila," alisema Somoe.

"Ila nini?"

"Ila asije."

Halvor alinyoosha mkono kwenye kioo chake akalifuta ombi mwenyewe. Kisha akabaki palepale, hakunyanyuka.