Shayiri ya Mama Mdogo Minetu

Kila asubuhi kabla ya shule, Suelma aliwapelekea mbuzi mabaki ya mkate uliokauka. Zizi lao la mabati chakavu na nyaya lilikuwa pembeni mwa kambi ya Wasahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi, katika jangwa la Algeria. Mbuzi waliutafuna mkate kwa pupa. Suelma mwenyewe hakuwa ameuonja tangu mwaka juzi, alipopimwa damu akakutwa na siliaki, ugonjwa unaofanya ngano iharibu utumbo hadi chakula kisiujenge mwili. Alikula wali, dengu, nyama ya ngamia, na mkate wa unga maalumu uliotolewa kwa wagonjwa. Tumbo likatulia, akanawiri.

Sasa tumbo lilikuwa limevimba tena. Mama yake alikuwa kambi nyingine akimuuguza bibi, na kwa wiki tano Suelma alilelewa na mama mdogo Minetu. Kila siku aliharisha, na darasani alisinzia. Alhamisi, nesi Galia alimpima uzito zahanati, akaguna.

“Umepungua kilo mbili. Umekula mkate, Suelma?”

“Sijala.”

“Wote husema hivyo hivyo, mwanangu.”

“Wallahi sijala hata kipande!”

Lamina, mwanafunzi mwenzake, alikuwa benchini akisubiri dawa ya macho. “Huyo anagawana mkate na mbuzi wake!” akasema, na benchi zima likaangua kicheko.

Suelma alishuka kwenye mizani kwa hasira. Miaka miwili! Kwenye harusi, watu wote walichota kuskusi ya ngano kwenye sinia moja, naye akakaa na kibakuli chake pembeni. Wanawake walimsukumia tonge, “Kula, utakufa kwani?” naye akakataa huku mate yakimtoka. Leo, baada ya yote hayo, aitwe mwongo mbele za watu?

“Twende nyumbani,” alimwambia Galia. “Ukague kila sufuria!”

Galia alimtazama, akafunga daftari lake, wakaondoka.

Walimkuta Minetu hemani akimimina chai.

“Mama mdogo, mwambie! Umewahi kuniona na mkate?”

“Thubutu! Mtoto huyu hapati hata chembe ya ngano kwangu. Nampa maziwa ya mbuzi na unga wa shayiri, apate nguvu.”

“Shayiri?” Galia akashika kichwa.

“Nimeikaanga na kuisaga mwenyewe. Maradhi haya yameletwa na ngano ya msaada inayokuja na malori. Shayiri walikula babu zetu, nani aliugua?”

“Waliugua, Minetu, ila hakukuwa na wa kuwapima. Kinachomuumiza kinaitwa gluteni. Kimo kwenye ngano, na kwenye shayiri kimo vilevile. Utumbo wake hauulizi kama nafaka imeletwa na lori au na ngamia!”

“Nilikuuliza siku ya kwanza kama unga huo una ngano, ukaapa!” Suelma akafoka.

“Niliapa hakuna ngano, mwanangu. Shayiri sikujua.” Minetu aliweka birika chini, machozi yakimlengalenga. “Nisamehe. Basi kuanzia leo mkate marufuku hapa. Hata wanangu waache!”

“Hapana!” Galia akadakia. “Unga maalumu hautoshi hata wagonjwa. Ninyi wazima kuleni mkate wenu. Ukishuku mwanao anaugua, mlete apimwe kabla hajaacha ngano. Akishaacha, kipimo kinaweza kusema ni mzima kumbe mgonjwa.”

Minetu aliutoa mfuko wa shayiri nje, akaanza kusugua sufuria kwa maji ya moto. Lakini Suelma hakukaa.

“Na mimi?”

“Wewe nini tena?” Galia akauliza.

“Nimechekwa mbele za watu. Jina langu limesafishwa humu hemani tu.”

Galia alimshika mkono wakarudi zahanati, akasimama mbele ya benchi lilelile.

“Sikilizeni,” alisema. “Suelma alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Kabla ya kumwita mgonjwa mwongo, kaulizeni kwanza anapikiwa nini. Nilipaswa kufanya hivyo, sikufanya. Na anayemlazimisha kuonja kidogo tu, ajue kidogo hicho ndicho kinachomuumiza.”

Lamina alijisogeza, akampisha Suelma akae.