Sauti Iliyomtoka Wagdi

Rawya alimpata Wagdi kwenye duka la nyuzi za ala, Mtaa wa Mohamed Ali, siku ambayo Kairo nzima kama ilikuwa imeingia mtaa ule. Alikuwa na hijabu rangi ya komamanga, fidla begani. Wagdi, kijana mpiga vyombo harusini, shati limenyooshwa kwa pasi, akamkanyaga.

"Samahani, bibie. Huo mguu ulikuwa wako?"

"Ulikuwa. Sasa umekuwa chapati."

Wakacheka, wakapeana namba. Tangu hapo simu haikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Bado. Nafanya mazoezi."

"Hiyo fidla ingekuwa mwanamume tungeshapigana."

Rawya alisomea muziki akiwa nyumbani, Shubra. Mwalimu wake alikuwa ng'ambo, alimjua kwa uso wa kwenye kompyuta tu. Ili apate diploma ya upigaji, alitakiwa ajirekodi vipande vyote mfululizo, bila kukata, na isisikike sauti nyingine yoyote. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, magharibi. Akikosa, mwaka umepotea.

Ijumaa hiyo Wagdi alileta maikrofoni yake nzuri. Mama yake Rawya akajifungia jikoni, asigonge hata kijiko. Rawya akapiga. Kwenye kipande cha mwisho, upinde ulipanda taratibu ukaishika sauti ya juu, ikatetemeka, na Wagdi, macho yamefumbwa, akatokwa na lile linalowatoka watu wa Kairo wakikolewa na muziki:

"Allaah."

Upinde ukasimama.

"Umefanya nini?"

"Wallahi imenitoka."

"Haikukutoka, umeitoa. Unajua nikipasi nitakwenda ng'ambo kumalizia masomo. Ndiyo maana."

Wagdi alitoka, maikrofoni akaiacha.

Rawya alianza upya, mkono ukamkataa. Alimpigia Wagdi simu, haikupokelewa. Alizunguka sebuleni, akachungulia dirishani, jua linashuka. Simu ikalia.

"Nipo ngazini," Wagdi alinong'ona. "Muuza gesi alikuwa anakuja kugonga mitungi yake kuita wateja chini ya dirisha lako. Nimemshika kwa maneno. Sasa ananisimulia habari za wakwe zake. Piga kabla hajanichoka."

Akapiga. Hakusimama mpaka mwisho. Alipokwisha kutuma, alifungua mlango. Wagdi alikuwa amekaa ngazini peke yake, kola imelowa jasho.

"Nikuambie kweli?" alisema. "Sikukusudia. Lakini uliposimama, moyo wangu ulifurahi kidogo. Ndiyo aibu iliyonitoa nje."

Rawya alikaa ngazi ya juu yake. Wagdi angemdanganya ingekuwa nafuu.

"Nikipasi nitakwenda, Wagdi."

"Najua. Nataka nimuone baba yako kabla ya majibu. Nikimwendea baadaye, utasema nilikuwa nangoja ushindwe."

"Na nikienda?"

"Utakwenda ukiwa mchumba wangu. Nitakuwa nakusumbua kwa simu, kama sasa."

"Baba yuko mkahawani, anacheza domino. Akifungwa hasikilizi mtu."

"Nitakaa nicheze naye, nifungwe mimi."

Rawya alitazama ngazi zinavyoshuka mpaka mtaani, kwenye honi na kelele. Vidole vyake bado vilikuwa vinacheza juu ya goti. Akamnyoosha Wagdi kola.

"Nenda," alisema. "Nenda sasa, kabla sijaanza kufikiri."