Aitikaye kwa Kila Jina

Jina liliitwa mara moja, likaitikiwa mara mbili. Hivyo ndivyo ilivyoanza katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya kibinafsi huko Utange. Samiha, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, alisimama mlangoni akaita, "Mama Faith?" Kutoka kitanda cha katikati ikaja sauti laini, "Abee." Na kutoka nje, kwenye foleni ya choo, mwanamke mwingine akajibu, "Eeh, nakuja."

Samiha aliisikia ile ya kwanza tu. Akaenda kitandani, akamkuta mtu amejifunika leso gubigubi, akamchoma insulini, sindano ya kushusha sukari. Aliyelala pale hakuwa Mama Faith. Alikuwa msichana mwenye malaria, na kabla ya magharibi alikuwa maiti.

"Mama Faith mtu wa bara, wa Webuye," Samiha alimnong'oneza Jumwa, rafiki yake wa darasani, siku aliyofukuzwa chuo. "Tangu lini akaitika abee? Ni mimi nilopaswa kujua. Lakini wallahi, Jumwa, kitu kiliniitika."

Hospitali ilifanya nini? Vile vikanda vya jina vya kufungwa wagonjwa mkononi vilikuwa vimeisha zamani, na wagonjwa walihamahama vitanda wakiifuata feni moja iliyokuwa inazunguka. Hakuna aliyeagiza vikanda. Kilicholetwa ni mganga kutoka Bofu, Mzee Nguma, na gari la hospitali likavuka feri kwenda kumchukua mlangoni kwake, gari lile lile ambalo wagonjwa huambiwa kila siku halina mafuta. Mzee akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza marashi pembe zote, akasema ni jini na limetoka. Wakubwa wakamwamini upesi. Jini likishatoka, nani tena atauliza maswali?

Kisha ukaja mtihani wa vitendo. Mtahini alikuwa Sista Margret, mwalimu wao. Kwenye mtihani wa kuandika alikuwa ameuliza mgonjwa hutambuliwaje, na darasa zima lilijibu sawa: mwache ataje jina lake kamili kwa mdomo wake, kuitika peke yake hakutoshi. Lakini wodini Sista alifundisha mengine. "Ita, uitikiwe, choma, songa mbele. Mnataka tukeshe hapa?" Na watoto wa Pwani nao walikuwa na kisingizio chao: mtoto aliyelelewa hamuulizi mtu mzima jina lake. Unamwita bi, unamwita mama fulani, basi, unatazama chini. Mwalimu ana haraka, mwanafunzi ana haya, na kile kitu katikati yao kina nafasi tele.

Zamu ya Jumwa ilifika jua likiwa la utosi, saa ambayo wodi nzima hulala kwa joto. Akifeli, angerudia mwaka mzima. Akikosea, angeua. Sista Margret alitia komeo mlangoni kwa ndani, kama ilivyo desturi ya mtihani, akasema, "Bi Mwanakombo ana kisukari. Mpe insulini yake kabla ya chakula."

Jumwa akavuta dawa, akaipima, akashika sinia. "Bi Mwanakombo?"

"Abee."

Ilitoka kitanda cha pembeni, tamu, ya mtu aliyefundwa kwenye nyumba ya heshima. Harufu ya udi ikamjia puani, na chini ya udi harufu nyingine, ya bendeji iliyosahauliwa kwenye kidonda. Juu ya vichwa vyao feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Akasogea. Mtu alikuwa amelala kafunikwa leso mpaka usoni.

"Samahani bi," Jumwa alisema, na ulimi ulikuwa mzito kwa aibu. "Nitajie jina lako kamili."

"Abee."

"Jina lako, bi."

"Abee, mwanangu."

"Ameshaitika," Sista Margret alinong'ona nyuma yake, na sauti yake haikuwa imetulia. "Choma tutoke humu."

Jumwa akaitazama ile leso, akaona kwamba mahali pa mdomo haikutikisika, kwamba sauti haikuwa imetoka juu ya kitanda bali chini yake, na alipotaka kurudi nyuma ikaitika tena, abee, sasa kutoka kitanda cha dirishani, kisha nyuma ya pazia, kisha karibu kabisa na sikio lake, kwa pumzi baridi yenye udi na usaha, abee, abee, abee, upole ule ule usiochoka, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kile kitu kingeliitikia kila jina litakaloitwa mle ndani lakini hakikuwa na hata moja la kutaja.

Akaweka sindano chini. Akaifunua leso.

Alikuwa mama wa makamo, meno yameumana, ametota jasho baridi, hana fahamu. Huyu hakuwa ameitika chochote. Jumwa akamdunga kidole, akasoma kipimo.

"Sista, sukari yake iko chini kabisa. Ningemchoma angekufa."

Mikono ya Sista Margret ilijua kazi. Wakamtundikia maji ya sukari, wakangoja. Mama akafumbua macho, akamwangalia Jumwa. "Naitwa Milcah," akasema, bila kuulizwa.

Feni ikaanza kuzunguka.

"Umefeli," Sista akasema, akijifuta shingo.

"Kwa lipi?"

"Ulikwenda kitanda kisicho cha mgonjwa wako."

"Sista, wewe mwenyewe ulisema ameshaitika."

"Mimi sikusikia mtu akiitika." Akafungua komeo. "Mwingine."

Mwingine alikuwa Carolyne. Jumwa akamshika mkono barazani. "Muulize ataje jina. Ukisikia abee, usiamini."

"Wewe si uliuliza, na hayo macho unatoka nayo ni ya mtu aliyepita mtihani?" Carolyne akajichomoa. "Niache, Jumwa. Mimi nataka tu kumaliza hii shule."

Komeo likalia ndani.

Penye bomba la uani Jumwa akamkuta bibi mmoja anatia udhu, mikono ya nguo imekunjwa mpaka viwikoni.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona walia?"

Jumwa akamtazama. "Bi, niwie radhi. Jina lako nani?"

Bibi akafunga maji, amekereka. "Waniuliza jina kama askari? Mwanakombo binti Athmani. Nangoja sindano yangu tangu asubuhi."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Carolyne, changamfu, yenye haraka. "Bi Mwanakombo?"

Bibi akainua kichwa, akafungua kinywa. Huko ndani kukaitikiwa kabla yake.

"Nani huyo," bibi akauliza polepole, maji yakimdondoka viwikoni, "aitikaye jina langu?"

Jumwa alikuwa ameshaufikia mlango. Akaupiga kwa viganja vyote viwili, na harufu ya udi ilikuwa inapenya chini yake. "Carolyne, usichome. Bi Mwanakombo yuko huku nje. Carolyne."

"Kimya huko," Sista Margret akasema. "Kuna mtihani."