Chumba cha Uani

Jumamosi asubuhi Eugenia alikuwa akifagia ua wa nyumba yao, mtaa wa Pasiansi, dada mmoja alipopiga hodi. Aliitwa Sabina, muuguzi mpya wa zahanati ya jirani, na alikuwa akitafuta chumba cha kupanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenyeji wa wapi, binti?" aliuliza Mzee Muganyizi, baba yake Eugenia.

"Tarime. Mimi ni Mkurya."

"Ahaa! Pole, chumba kimeshachukuliwa."

Kimechukuliwa na nani, panya? Eugenia alikuwa amekipiga deki jana yake tu! Aliona aibu, ila hakuthubutu kumbishia baba mbele ya mgeni. Akamsindikiza Sabina hadi barabarani.

Hapo akakumbuka kazi ya shule. Mwalimu Shigela alikuwa amewaagiza wawaulize watu wazima kumi kama wamewahi kubaguliwa kwa kabila au rangi yao. Alibakiza mmoja.

"Dada, umewahi kubaguliwa?"

"Leo asubuhi," Sabina alijibu kwa upole. "Andika tu, mdogo wangu."

Mchana, wakila ndizi, baba aliulizia ile kazi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa.

"Uliandika nilivyonyimwa chumba Igoma nilipotoka Bukoba? Eti Wahaya tunaringa! Wiki nzima nililala kwenye benchi la kanisa."

"Niliandika, baba. Jirani yetu Mama Shimba walimcheka ofisini kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. Yule mzee Mhindi mwenye duka amezaliwa Mirongo, lakini bado anaambiwa arudi kwao. Waliobaguliwa ni tisa kati ya kumi."

"Tisa! Sasa hao wabaguzi ni akina nani?"

Eugenia alimsogezea daftari. Baba akasoma mstari wa mwisho: *Sabina, muuguzi. Leo asubuhi, nyumbani kwetu.*

Eugenia alisubiri kufokewa. Baba hakufoka. Alinawa mikono, akavaa viatu, wakaongozana hadi zahanati.

"Mwanangu, nilikudanganya," alimwambia Sabina. "Chumba kipo. Nilikunyima kwa kabila lako tu. Nisamehe."

Sabina alimtazama kidogo. "Na ukali wa Kikurya je, mzee? Huuogopi?"

"Ukinivumilia maringo yangu ya Kihaya, nitauvumilia."

Wote wakacheka. Jioni ile ile Sabina alihamia.

Baba alimwita Eugenia kando. "Miaka ishirini sijasahau mlango niliofungiwa Igoma," alisema. "Huu wa leo niliomfungia mwenzangu, nilikuwa nimeshausahau kabla ya chakula cha mchana. Ukikua, mwanangu, mtu akipiga hodi, mwulize tabia yake. Kwao atakusimulia mkishazoeana."