Saa ya Mama, Toa Kumi

Katika nyumba ile hakuna aliyetazama saa bila kufanya hesabu. Saa ya ukutani, iliyotundikwa juu ya mlango wa jikoni, ilikuwa mbele kwa dakika kumi, na aliyeisogeza ni mama mwenyewe. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Pale kiwandani, king'ora kikilia saa mbili kamili asubuhi, lango hufungwa, na aliyebaki nje hurudi nyumbani na aibu yake. Kwa hiyo mama aliona heri familia nzima iishi mbele ya dunia kidogo kuliko kuachwa nyuma.

"Haya, amkeni! Saa haimngoji mtu!" alipaza sauti kila asubuhi huku akijifunga kitambaa kichwani.

"Saa ya mama, toa kumi," kaka alinung'unika chini ya shuka, akajigeuza upande wa pili.

Dada yake mdogo, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule ile ile ya kaka, hakuwa na uvivu huo. Yeye alikuwa mpiga kengele wa shule, kila asubuhi saa mbili kamili, na wenzake walimwita Bibi Saa. Msidhani ni kazi ndogo! Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi, na mlio wake ulifika mbali. Fundi viatu alifungua kibanda chake kwa mlio ule. Mwoka mikate aliujua wakati wa kutoa mikate tanurini kwa mlio ule ule. Hata ajuza wa nyumba ya pili alimeza dawa zake akiusikia, na kila alipokutana na Bibi Saa njiani alimwambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayeniponya." Nani asingevimba kichwa?

Mwalimu mkuu alikuwa amemkabidhi saa ya mkono ya shule, saa ya zamani isiyotumia betri. Alimpa na masharti mawili. Kila jioni akizungushe kifundo chake, la sivyo saa hulala. Na kila asubuhi ailinganishe na saa ya ofisini kabla ya kugusa kengele.

Siku ya mtihani wa kupanda darasa, Bibi Saa aliamka akaitazama saa ya shule. Ilikuwa imelala fofofo! Jana yake alisinzia juu ya madaftari na akasahau kuizungusha.

"Maskini mimi!" alisema. Alizungusha kifundo haraka, akaikimbilia saa ya jikoni. Akatoa dakika kumi, kama walivyofanya wote mle ndani, akairekebisha saa ya shule. Moyo ukatulia.

Alipofika shuleni, mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mwalimu mkuu alikuwa ndani akihesabu karatasi za mtihani. Bibi Saa alisita. Akiingia kulinganisha saa na ikaonekana haiko sawa, je, mwalimu akimuuliza kwa nini? Atasema iliacha kwenda? Yeye, Bibi Saa, ambaye mtaa mzima unamwamini? "Leo nitapita tu," alijiambia. "Hesabu niliifanya vizuri."

Akashika nyundo na kupiga. Ngo! Ngo! Ngo! Wanafunzi walikimbilia madarasani wakisukumana. Mwalimu wa hisabati alisimama barazani, akaitazama saa yake mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni. Kisha akaisogeza mbele ili ifanane na kengele. Bibi Saa alimwona, akainua kidevu kwa fahari.

Kila siku, kengele ikilia, lango hufungwa, lakini siku ya mtihani sheria ilikuwa kali zaidi: asiyefanya mtihani hapandi darasa jipya, anarudia lile lile. Mlinzi wa lango, ambaye watoto walimwita Komeo, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alifunga lango na kukaa kwenye kiti chake.

Bibi Saa alikuwa akirudisha nyundo mahali pake aliposikia sauti anayoijua.

"Nifungulie, mjomba! Sijachelewa!"

Alikuwa rafiki yake mpenzi, yule waliyemwita Alfajiri. Aliitwa hivyo kwa sababu nyumbani kwao ni mbali, na aliondoka kabla jua halijachomoza. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Nyuma yake walisimama watoto wengine kadhaa, wakihema.

"Kengele imeshalia," Komeo alisema bila kuinuka. "Kubishana na kengele ni kubishana na ukuta."

"Mjomba, nimefika wakati wangu wa kila siku. Haki ya Mungu!"

"Kila siku si leo."

Alfajiri alimwona Bibi Saa kupitia nondo za lango. "Shoga, mwambie basi! Wewe unanijua!" alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Bibi Saa alisogea karibu na lango. Na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya barabara kuu, kikasikika: wuuuuu! King'ora cha kiwanda. King'ora cha mama. Ndiyo kwanza inagonga saa mbili kamili.

Kumbe kengele ilitangulia! Hesabu aliifanya, tena vizuri, sasa ilikuwaje? Wazo baya likamjia mbio: aseme king'ora ndicho kilichochelewa. Nani angembishia Bibi Saa? Mwalimu wa hisabati alikuwa ameikana hata saa yake mwenyewe kwa ajili yake. Lakini Alfajiri alikuwa bado ameshika nondo kwa mikono miwili, analia, na hakuwa na kosa lolote.

Bibi Saa alikimbia mpaka ofisini, akaingia bila kubisha hodi.

"Mwalimu, nimekosea! Nimepiga kengele kabla ya wakati. Saa ililala, nikaona aibu kukuambia. Walio nje hawajachelewa, mimi ndiye niliyewahi!"

Mwalimu mkuu aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. Alitoka kwa hatua ndefu hadi langoni.

"Fungua. Hawa wamefika kwa wakati."

"Lakini kengele, mwalimu..."

"Kengele imekosea, na mwenye kengele amesema mwenyewe. Fungua!" Akawageukia walimu waliokuwa wakichungulia milangoni. "Mtihani unahesabiwa kuanzia king'ora kilipolia."

Alfajiri alipita mbio akifuta machozi, akambinya rafiki yake mkono, akaingia darasani.

Mtihani ulipokwisha, Bibi Saa alimpelekea mwalimu mkuu saa ya shule, ameifunga kwenye leso. "Mpe mwingine, mwalimu."

Mwalimu mkuu aliikataa. "Saa kulala si dhambi. Hata mimi hulala. Kosa lako lilikuwa kupita mlango wangu kwa sababu ya aibu. Lakini ulirudi, tena mbio, wakati uongo ulikuwa rahisi kuliko ukweli. Mpiga kengele wa namna hiyo nitampata wapi? Ivae."

Jioni alisimulia yote nyumbani. Baba alisikiliza huku akitikisa kichwa. Kaka alicheka. Mama hakucheka. Alisema taratibu, "Mwanangu, hesabu yako haikuwa na kosa. Jana usiku niliisogeza ile saa tena, kumi nyingine. Niliona nyote mmeshajua kutoa."

"Mama!" kaka alipiga kelele.

"Nyamaza wewe, nilikusudia wewe!" Mama akapanda juu ya kigoda, akaitungua saa. "Nilidhani naifanya saa idanganye ili niwafundishe kuwahi. Kumbe nimewafundisha kutoa tu. Saa ya kweli ikimkuta mtu mkweli, hapo ndipo kazi hufanyika." Akamkabidhi binti yake. "Iweke sawa wewe. Sisi sote tutaifuata."

Asubuhi iliyofuata mama aliamsha watu kama kawaida. "Saa ya mama, toa kumi," kaka alinung'unika, akajigeuza upande wa pili.

Saa mbili kamili, mama alikuwa mbele ya cherehani yake kiwandani. King'ora kililia, na kutoka ng'ambo ya barabara, papo hapo, kengele ya shule ikajibu ngo! ngo! ngo! Mama aliwageukia wenzake akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mnasikia? Huyo ni binti yangu."

Naye kaka alikuwa nje ya lango la shule, anahema, akimbembeleza Komeo.