Mlango wa Pili wa Maabara

Uvumi ulimkuta Metrine sokoni Ndhiwa, akichagua nyanya. Levis ameonekana akishuka kwenye gari la polisi. Nani amesema? Watu tu. Aliutupa, ukarudi. Alilala nao, akaamka nao. Levis ni mdogo wake, tumbo moja. Hakumwuliza. Alimpelekea Sammy, mkubwa wao wa wizi, maneno hayo, kama mtu aliyetumwa.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, kwenye kinu cha posho. Mashine ilinguruma, hakuna wa kuwasikia. Sammy alitandaza ramani juu ya gunia. Ilikuwa ya maabara mpya ya utafiti wa magonjwa, kwenye chuo kikuu nje ya Homa Bay. Levis alijenga pale, fundi wa mawe. Aliiba ramani hiyo siku ya mwisho ya kazi, na matone ya saruji yangali juu yake. Hadubini zilikuwa zimefika, bado ziko kwenye makasha. Mnunuzi alingoja mpakani, Isebania. Mlinzi wa Jumamosi alikuwa mmoja, Msabato, na saa sita hutorokea kanisani. Metrine alikuwa mfagiaji huko, nje ya vyumba. Kadi ya milango alimwibia msimamizi wake.

Levis aliweka kidole kwenye chumba kidogo chenye milango miwili. Mchoraji alikiweka hapo ili hewa ya magonjwa isitoke nje.

"Tukiingia, tufunge wa kwanza. Ukibaki wazi, wa pili haufunguki."

"Tujifungie wenyewe?" Sammy alicheka, lakini macho yalimwendea Metrine.

"Ndivyo ilivyochorwa, omera. Si mimi nilichora."

Saa sita na dakika kumi. Kadi ililia, mlango wa kwanza ukafunguka. Wakaingia watatu. Levis akageuka aufunge. Sammy akamsukuma, akachomeka kipande cha tofali chini ya mlango. Tangu aanze wizi, hakuwahi kuacha mlango ufungwe nyuma yake.

Saa sita na dakika kumi na mbili. Metrine aligusisha kadi kwenye mlango wa pili. Taa nyekundu. Tena. Nyekundu. King'ora kikaanza kulia.

"Toa hilo tofali," Levis alisema.

"Ndiyo polisi wako watukute ndani?"

"Polisi gani?"

"Waliokushusha Ndhiwa. Uliza dada yako."

 Levis alimgeukia Metrine, akamweleza. Alikuwa amepoteza kitambulisho, akaenda kituoni kuripoti, na askari mmoja aliyesoma naye akampa lifti.

"Si ungeniuliza tu, Met."

Bastola ya Sammy ililia mara moja.

Saa sita na robo. Sammy alitoka mbio. Mguu wake ulipiga tofali, likaruka nje. Mlango wa kwanza ukajifunga taratibu. Metrine, kichwa cha Levis kikiwa mapajani, aliinua mkono wenye kadi. Kijani. Mlango wa pili ukafunguka, mwepesi kama wa kabati. Makasha yalikuwa yamepangwa ndani, hata moja halijaguswa.

Polisi walimkuta palepale. Levis alikuwa amepoa.

Mtu aepuke haya:

Kazi inayopangwa chumba cha nyuma.

Rafiki mwenye bastola, hata kama ndiye anakununulia chai.

Kubeba ramani ya mwajiri kwenda nayo nyumbani.

Habari isiyo na mwenyewe.

Kumpelekea habari hiyo mtu mwenye hasira, kabla ya kumwuliza ndugu yako ana kwa ana.